Mashetani wa Kingo za Ruvuma

Mikindani ni mji uliojificha. Ghuba yake inakaribia kuwa duara, na mlango wake wa kuingilia kutoka bahari kuu ni mwembamba. Kwa karne nyingi majahazi yaliingia humo kufuata pembe za ndovu, sandarusi na, kwa aibu isiyofutika, watu. David Livingstone alipita hapo Machi 1866, akianza safari yake ya mwisho ya bara. Wajerumani wakajenga boma lao juu ya kilima mwaka 1895. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, bandari mpya yenye kina ilipojengwa Mtwara, mwendo wa kilomita 10 hivi, kwa ajili ya ule mradi wa karanga uliokufa ungali mchanga, Mikindani ikaachiwa milango yake ya nakshi, misikiti yake na magofu yake. Hayo yameandikwa mara nyingi. Lisiloandikwa sana ni kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 20, ukanda huo wa Ruvuma uliitolea dunia bidhaa ambayo haikupimwa kwa frasila. Bidhaa hiyo ni mashetani.

Hadithi za kutisha zina mabingwa wake, na kila taifa huwataja wa kwao. Wamarekani humtaja Edgar Allan Poe, kisha H. P. Lovecraft, na tangu mwaka 1974, ilipotoka riwaya ya Carrie, humtaja Stephen King, mtoto wa Maine aliyezaliwa 1947 na ambaye vitabu vyake vimewanyima usingizi watu wa mabara yote. Wahakiki wa kwao walimkunjia uso kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2003 alipotunukiwa nishani ya heshima ya wakfu unaotoa Tuzo za Kitaifa za Vitabu, na hata siku hiyo wapo walionung'unika. Je, Mwambao una nani? Swali hili si la mchezo. Watu wa pwani wamelelewa kwa hadithi za majini, mazimwi na wachawi wa Giningi. Ajabu itakuwa kama hofu yote hiyo haikupata msanii wake.

Jibu la haraka ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, 1918. Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu chake kilichoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapishwa 1960, kinamwingiza msomaji mzimuni, mahali pa matambiko, na kumwonyesha maiti. Kisima cha Giningi, cha 1968, kinatumia jina ambalo kwa Mzanzibari linatosha peke yake kusisimua nywele. Lakini Abdulla ana Bwana Msa wake, na kiko chake, na utulivu wake. Bwana Msa huja, huvuta, huuliza maswali mawili matatu, na mzimu unageuka mtu mwenye tamaa na mikono miwili. Hofu ni pazia, na kazi ya mpelelezi ni kulivuta. Miongo minne baadaye Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Unguja mwaka uleule wa 1947, alikwenda njia ya pili: katika Babu Alipofufuka, ya 2001, babu amefufuka kweli, wala hakuna wa kuja kueleza kwamba ilikuwa hila, na yule mjukuu mkubwa wa serikali hana budi kufuatana naye. Hapo mzuka ni hakimu.

Hao ni wa kalamu, na heshima yao haipunguzwi na neno lolote lifuatalo. Hata hivyo, mtu wa Afrika Mashariki aliyewaumba viumbe wa kutisha wengi kuliko wote, akawapa sura, mavazi, ugomvi na majina, na akawapeleka Washington, Paris, London na Tokyo, hakuandika riwaya hata moja. Alikuwa mlinzi wa usiku. Jina lake ni George Lilanga.

Ili kumwelewa Lilanga ni lazima kwanza kuuangalia Mto Ruvuma. Kusini yake, juu ya uwanda wa Mueda, na kaskazini yake, juu ya uwanda wa Newala, wanaishi Wamakonde. Mto haukuwatenga sana. Waliowatenga ni watawala, Wareno ng'ambo ile, Wajerumani na kisha Waingereza ng'ambo hii. Hata kile kipande cha Kionga, pale mdomoni mwa mto, kiligombewa kama kwamba ni dhahabu, na Wareno wakakitwaa mwaka 1916. Kwa Wamakonde wa kusini, utawala wa Kireno ulimaanisha kodi, kazi za shuruti na pamba ya kulazimishwa. Basi wakavuka. Walishuka pwani kutafuta vibarua katika mashamba ya katani ya Mikindani na Lindi, na kutoka hapo wengine wakaendelea mpaka Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Mombasa na Kwale.

Watu wa pwani waliwapokea kwa jicho la pembeni. Waliwaita Wamavia, na jina hilo halikutamkwa kwa upole. Nyuso zilizochanjwa chale, meno yaliyochongwa, na ndonya katika mdomo wa juu wa wanawake vilitosha kuwafanya watu wa mijini waamini lolote lililosemwa juu yao. Hofu na dharau vilikwenda pamoja, kama vinavyokwenda daima. Na kwa kuwa mtu anayeogopwa anafaa kuwatisha wezi, Wamakonde wengi walipewa kazi ya kulinda milango ya watu usiku. Hapa panafaa kusimama kidogo. Jamii nzima ilifanywa kuwa kinyago cha kutishia, ikawekwa barazani na rungu, na bwana mwenye nyumba akalala salama. Huko Kenya, wajukuu wa waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya Kwale walikaa miongo mingi bila uraia. Ilibidi Oktoba 2016 waandamane kwa miguu kuelekea Nairobi ili Rais aamuru waandikishwe. Mwaka 2017 wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo.

Watu hao waliotishiwa watoto kwa jina lao walikuwa wenyewe mabingwa wa sanaa ya kutisha. Wamakonde wa kusini huita mapiko vile vinyago vya kichwa vinavyovaliwa katika ngoma za jando. Wa upande wa Newala huita vyao midimu. Kinyago cha kusini huchongwa kwa mti mwepesi, kikavishwa kichwani kama kofia nzima, kikapandikizwa nywele za binadamu, na chale zake zikachorwa kwa nta. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima asionekane hata kidole. Hutokea porini na ngoma ikimwita. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba huyo si mtu. Ni mfu aliyerudi. Walikimbia kweli, wakapiga kelele kweli, na mchezaji akawafukuza kweli.

Kisha hufika siku ya wavulana wa jando. Huletwa mbele ya huyo mfu, hulazimishwa kumkabili, na mwisho hufunuliwa siri: chini ya kinyago kuna jirani yao, anatoka jasho. Tangu hapo wao ni watu wazima, na wajibu wao ni kuitunza siri. Msomaji wa Bwana Msa ataona mara moja kwamba ufunuo huu ni ndugu wa ule wa Abdulla. Tofauti iko hapa: Bwana Msa akishafichua, hofu imekwisha na kitabu kinafungwa. Mmakonde aliyefichuliwa siri anarudi kijijini na kuendelea kuitumikia hofu ileile, akijua ilivyotengenezwa. Mwambao una methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Ni methali ya mtu asiyechonga. Mchongaji anajua vizuri zaidi kinachowezekana kutoka ndani ya gogo.

Ule uchongaji wa kuuza ambao dunia inauita wa Kimakonde ulipata umbo lake Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Mfanyabiashara wa Kihindi, Mohamed Peera, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwahimiza wachongaji waliotoka Msumbiji watumie mpingo na wafuate fikra zao badala ya kurudia wale wazee wa mkongojo na wale kinamama wenye mitungi ambao wageni waliwazoea. Mpingo ni mti mkaidi. Kiini chake ni cheusi na kigumu kama chuma, na ganda lake la ndani ni jeupe kama meno ya tembo. Mchongaji hukaa chini, akalibana gogo kwa nyayo, akalianza kwa tezo, akalifuata kwa patasi na tupa. Mti wenyewe aghalabu umepinda, una mashimo na matawi yaliyopotoka. Anayetaka mtu aliyenyooka ataumia.

Husimuliwa kwamba Samaki Likankoa, mmoja wa wachongaji hao, alikuwa akichonga sura ya mtu, kiungo kikamvunjikia. Badala ya kulitupa gogo, aliendelea nalo. Kilichotoka hakikuwa mtu tena. Kilikuwa kiumbe kilichopungukiwa, chenye jicho mahali pasipostahili jicho. Wakakiita shetani. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa hasa au hadithi imenoga kwa kusimuliwa, si neno. Wachongaji wenyewe waliipokea, na mtindo ukapata jina. Ukaenea haraka. Kukawa na mashetani wa sikio tumboni, wa mdomo kisogoni, wa mguu mmoja, wa titi lililogeuka mkono. Pamoja nao ikazaliwa mitindo mingine: ujamaa, ile nguzo ya watu waliopandana kizazi juu ya kizazi, na mawingu, umbo laini lisilotaka kufanana na kitu.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa, hasa na wapenzi wa lugha. Wamakonde walikuwa na viumbe wao wa porini, akina nandenga, kabla ya kukutana na Kiarabu au Kiswahili. Shetani ni neno la msahafuni. Lakini lilipopita pwani lilibadilika tabia. Katika dini, shetani ni adui asiye na maelewano. Katika kilinge cha mganga wa Unguja au wa Mikindani, shetani ni pepo mwenye kabila, lugha, jinsia na mahitaji: anataka ubani, anataka mkufu wa fedha, anataka ngoma yake ipigwe, na anayepandwa naye huitwa kiti chake. Mganga humwuliza anachotaka, nao hupatana. Ni huyu shetani wa pili, mwenye shida zake, aliyepanda uwanda wa Makonde kwa njia ya vibarua na wachuuzi, akakutana na nandenga, na mtoto wao akazaliwa katika mpingo. Kwa maana hiyo sanaa ya mashetani ni kazi ya Mwambao pia. Imechongwa na watu wa bara, ila imebatizwa kwa Kiswahili.

George Lilanga alizaliwa 1934 kusini mwa Tanganyika, mahali paitwapo Kikwetu. Alikuwa Mmakonde, na kama watoto wengi wa kwao alijifunza kuchonga kwa mihogo kabla ya kukabidhiwa mti. Muhogo ni mwalimu mzuri: haukasiriki, na ukikosea unaliwa. Baadaye akaingia kwenye miti laini, kisha mpingo. Ujana wake wote ulipita huko kusini, katika miaka ambayo ukanda wa Ruvuma ulikuwa ukiwaka. Juni 16, 1960 Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda. Mwaka 1964 FRELIMO ilianza vita, na wakimbizi wakavuka mto kwa wingi, wachongaji wakiwa miongoni mwao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga alihamia Dar es Salaam, naye amekaribia miaka 40. Hii si umri wa kuanza, na wasifu mwingi wa wasanii huupita wakati huu kwa haraka. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll kutoka Marekani, alikuwa ameanzisha Nyumba ya Sanaa, mahali pa vijana wasio na kazi na walemavu kujifunza ufundi na kuuza walichotengeneza. Mchongaji Augustino Malaba, jamaa yake Lilanga, alikuwapo hapo, na kwa msaada wake Lilanga akapata kazi. Si kazi ya kuchonga. Alipewa kulinda usiku.

Hivyo Mmakonde mwingine akakaa mlangoni, kama walivyokaa wengine wengi kabla yake katika miji yote ya pwani. Tofauti ni kwamba nyumba aliyoilinda ilijaa rangi, karatasi, mabati na vitambaa, na kipaji chake hakikuchelewa kuonekana. Alihamishwa kutoka mlangoni kwenda ndani. Akajifunza batiki, uchapaji wa picha kwa mabamba ya chuma, uchoraji juu ya ngozi ya mbuzi, na ukataji wa mabati. Mashetani wake wakaingia hata katika vyuma vya nyumba yenyewe, vikawa sehemu ya milango na vizuizi. Yule aliyewekwa kuzuia watu wabaya usiku aliishia kuwajaza mashetani kwenye lango.

Baadaye aliingia kwenye rangi za mafuta zing'aazo na mbao za kiwandani, vifaa vilevile alivyovitumia Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyeuawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka uleule wa 1972, baada ya kufananishwa na mhalifu. Watu wawili wa kusini, wote wawili waliojifundisha, wakaipatia nchi sura mbili inazojulikana nazo ng'ambo: wanyama wa Tingatinga na mashetani wa Lilanga. Chuo kikuu hakikuhusika. Hilo linafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba sanaa haiwezi kukua bila cheti.

Sasa, mashetani wa Lilanga ni wa namna gani? Msomaji aliyeona mashetani wa mpingo wa akina Samaki atatarajia giza. Kwa Lilanga kuna kijani, waridi, manjano, buluu ya anga mchana. Nyuma ya viumbe kuna madoa na mistari iliyojipanga kama pindo la kanga. Viumbe wenyewe wana masikio makubwa kama ya popo, midomo mizito inayodondosha, macho yaliyotoka, matumbo yaliyobinuka na vidole vichache. Mmoja mmoja wanatisha. Lakini Lilanga karibu hamchori shetani akiwa peke yake. Anawachora wengi, wamebanana, na wana shughuli. Wanatwanga. Wanapiga ngoma. Wanakunywa pombe na kugombana. Wanabeba watoto mgongoni, wanangoja zamu, wanasengenyana, wanamwuguza mwenzao. Mtazamaji aliyekuja kuogopa anajikuta akitafuta ni yupi anayefanana na shemeji yake.

Hapo ndipo ulipo ubingwa wake, na hapo ndipo anapoachana na Abdulla kwa upande mmoja na Said Ahmed Mohamed kwa upande mwingine. Hamfunui shetani kuonyesha mtu chini yake. Wala hamleti shetani kuja kumhukumu mtu. Anawaachia mashetani maisha yetu yote, na foleni zetu zote, bila kueleza. Kumbuka ni nani anayefanya hivyo. Ni mtu wa kabila lililofanywa zimwi na majirani zake. Alipopewa brashi, hakuwachora hao majirani kama maadui. Aliwachora kama mashetani wenzake, na akajichora pamoja nao.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa ushairi wangelifurahia zaidi kama katalogi za Ulaya zingelitilia uzito. Picha nyingi za Lilanga zina anwani za Kiswahili, na anwani hizo ni ndefu mno. Nyingine ni sentensi nzima, nyingine ni mbili au tatu: mtu anamlaumu mwenziwe, mama anaonya, mzee anatoa hoja, mgeni anaomba njia. Ni masimulizi mafupi yaliyokatwa katikati. Kichwa cha picha kinasema neno, na picha inaonyesha kelele zilizolizunguka. Anayejua ngano na vijembe vya Mwambao atatambua kwamba mtu huyu alikuwa na sikio, si jicho tu. Kanga huandikwa jina moja fupi na kumwachia mvaaji amalizie. Lilanga huandika kisa na kumwachia mtazamaji amtafute msemaji.

Mwaka 1978 kazi za Nyumba ya Sanaa zilipelekwa Washington, na za Lilanga zikawamo. Kutokana na hilo imezuka hadithi inayorudiwa karibu kila anapotajwa: kwamba Keith Haring, kijana wa Marekani aliyekuja kujulikana kwa vijitu vyake vinavyocheza, alijifunza kutoka kwa Lilanga. Kufanana kupo, mistari minene, miili inayobanana, furaha yenye kitu cha kutisha ndani yake. Lakini ni kosa kuufanya mfanano huo kuwa ndiyo stahili ya Lilanga, kana kwamba mzee wa Kikwetu anahitaji barua ya utambulisho kutoka New York. Haring alikuwa na miaka 20 mwaka ule. Lilanga alikuwa na 44, na mashetani wake walikuwa na umri mkubwa kuliko wote wawili.

Wapo waliosema, na Tanzania walisema kwa sauti, kwamba sanaa hii yote ni ya watalii: mzungu alitaka Afrika ya mapepo, naye akauziwa. Hoja ina ukweli wake. Bila wanunuzi wa nje mpingo usingechongwa kiasi kile, na huko Mwenge, Dar es Salaam, kuna mashetani wengi waliochongwa kwa haraka na bila roho yoyote, nzuri au mbaya. Lakini ni mashairi mangapi ya Mwambao yaliyotungwa kwa kuagizwa na mabwana, kwa malipo, na bado yanasomwa? Kuagizwa hakuondoi ukweli wa kazi. Kinachoamua ni kama mtungaji ameweka ndani yake jambo ambalo mwagizaji hakuliomba. Mnunuzi aliomba pepo wa porini. Lilanga akampa mkutano wa mtaa.

Inafaa pia kusemwa kwamba watu wa visiwani hawana haki ya kumcheka mnunuzi huyo. Mwaka 1995 Unguja na Pemba zililala nje, kaya kwa kaya, wazee na watoto juu ya mikeka, kwa kumwogopa Popobawa. Wasomi walikuja baadaye na maelezo yao juu ya siasa za mwaka ule wa uchaguzi na juu ya aibu ambazo watu hawawezi kuzisema mchana. Maelezo huenda ni sahihi. Ila usiku ule hakuna aliyeyahitaji. Walichohitaji watu ni kuwa wengi mahali pamoja, na kusimuliana. Mkusanyiko ule wa mikeka, watu wamebanana, wengine wanatetemeka na wengine tayari wanatania, ndio picha ya Lilanga yenyewe, isipokuwa rangi.

Miaka ya mwisho haikuwa myepesi. Kisukari kilimshika, kikamfikisha kukatwa miguu. Aliendelea kufanya kazi akiwa amekaa. Nyumbani kwake palikuwa karakana. Yeye akichora mistari, vijana na jamaa wakijaza rangi, na umaarufu wake ng'ambo ukiongezeka kwa kasi kuliko mwili wake ulivyoweza kuufuata. Kazi zake ziliingia katika mkusanyo wa Jean Pigozzi huko Geneva, na katika maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyofunguliwa Düsseldorf mwaka 2004, yakapita London, Paris na Tokyo. Alifariki Dar es Salaam Juni 27, 2005, maonyesho hayo yakiwa bado njiani.

Akaacha swali la mkono. Kama mwalimu amechora mstari na mwanafunzi amejaza rangi, picha ni ya nani? Masoko ya Ulaya yanataka mkono mmoja na sahihi moja, maana bei hufuata sahihi. Katika ukumbi wa wachongaji wa Kimakonde swali hilo lisingeulizwa hivyo. Gogo la fundi hukamilishwa na aliyeko karibu, na mtoto hulipiga msasa. Wanafunzi na jamaa zake, akiwamo mjukuu wake Hendrick Lilanga, waliendelea kuchora kwa mtindo uleule, kwa majina yao. Wengine nao, wasiojulikana, wamekuwa wakitumia jina la marehemu. Hilo la pili ni wizi, hata kama mtindo wenyewe ulizaliwa kwa kuchangiwa.

Mikindani haina picha yake barazani. Mtu akisimama leo chini ya boma, ambalo limekarabatiwa na kufanywa hoteli, ataonyeshwa nyumba iliyobandikwa jina la Livingstone, na ataelezwa habari za soko la watumwa. Barabara inayopita hapo inaelekea Mtwara, na kutoka Mtwara njia zinapanda uwanda wa Makonde na kushuka Ruvuma, kule walikovukia vibarua wa katani. Anayetaka kuzisoma anwani za Lilanga, zile sentensi ndefu za Kiswahili, itambidi azitafute katika katalogi za Geneva, Paris na Tokyo, akizisahihisha tahajia kwa kalamu kila anapoendelea.